Kinga ya Kuazima: Mwanetu na Dripu ya Kila Wiki ya Nne



Kwenye ukuta wa jikoni mwetu pana kalenda yenye tarehe za Hijria na za Miladia. Kila baada ya siku 28, Jumamosi moja imezungushiwa wino mwekundu. Siku hiyo hatupokei mwaliko wala hatupangi safari. Ndiyo siku ambayo mwanetu, mwenye umri wa miaka 7, hupelekwa hospitali kutiwa dripu ya kingamwili, yaani walinzi wa damu ambao mwili wake hauwezi kuwatengeneza. Duara hilo jekundu halingoji nafasi yetu. Mara huangukia ndani ya Ramadhani, mara mkesha wa Idi, na safari moja, kama tutakavyoeleza, liliangukia siku ya harusi.

Tumeamua kuyaandika haya, sisi baba na mama yake, kwa kuwa katika miaka minne iliyopita tumekutana na kina mama wengi kwenye foleni za hospitali hapa Mombasa ambao watoto wao huugua bila kupumzika, na hakuna aliyewaeleza kwamba maradhi ya namna hii yapo na yana tiba. Tumejifunza pia kwamba dawa hii haifai kitu ikikosa tarehe yake, na tarehe hulindwa na watu wa nyumbani kabla ya kulindwa na daktari.

Miezi sita ya akiba

Mwanetu alizaliwa mnene na mwenye afya. Hadi alipotimiza miezi sita hakuna aliyempakata asiseme mashaAllah. Baada ya hapo mambo yakageuka. Masikio yalianza kutoa usaha, likipona hili likaanza lile. Akiwa na miezi 10 alilazwa kwa nimonia, na kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu alikuwa amelazwa mara tatu. Kila mara alipewa antibiotiki, akapata nafuu, na baada ya wiki mbili tukarejea palepale.

Jamaa na majirani walisema ni kijicho, kwa kuwa mtoto alisifiwa mno uchangani mwake. Tulimsomea, tukampa kombe, na wazee wakamzingua. Hatujutii hata dua moja. Tunalojutia ni kwamba kwa muda mrefu tulidhani dua na uchunguzi ni njia mbili, ukishika moja umeiacha ya pili. Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza kutafuta tiba, na kutafuta ni zaidi ya kununua chupa ileile ya dawa ya kikohozi mara kumi.

Leo twajua kwa nini miezi ile sita ilikuwa salama. Mtoto akiwa tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, mama humpitishia sehemu ya kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Mtoto huzaliwa na akiba hiyo, nayo hupungua kidogo kidogo huku mwili wake ukijifunza kutengeneza zake mwenyewe. Mwili wa mwanetu haukuanza kazi hiyo. Alikuwa akiishi kwa mali ya mama yake, na mali hiyo ilipokwisha akabaki bila ngao.

Karatasi moja

Tulikuwa tumezunguka zahanati na hospitali nyingi, na kila moja ilimtibu ugonjwa wa siku hiyo. Alipokuwa na miaka mitatu, uzito wake ukiwa kilo 11 tu, daktari mmoja mtu mzima alituomba jambo ambalo hatukuwahi kuombwa. Alitaka tuandike kwenye karatasi moja kila alipougua, kila alipolazwa na kila dawa aliyopewa. Karatasi ilijaa pande zote mbili. Kisha akamwangalia kooni kwa tochi, akatuuliza kama amewahi kukatwa zile tezi za kooni ambazo zikivimba twaziita mafindofindo. Hakuwahi kukatwa. Zilikuwa ndogo mno hata hazionekani.

Swali la mwisho lilimwelekea mama yake. Je, katika ukoo wako yupo mtoto wa kiume aliyefariki angali mdogo kwa maradhi yasiyoeleweka? Alikuwapo mmoja, kaka yake mama, aliyefariki akiwa na miaka miwili. Nyanya amesema siku zote kwamba mwanawe alitupiwa jicho.

Damu ilipelekwa Nairobi kupimwa. Majibu yalipokuja, kingamwili za aina ya IgG zilikuwa karibu hazipo kabisa, na chembe B, zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuzaa kingamwili, hazikuonekana. Maradhi hayo huitwa agamaglobulinemia. Aliyeyaeleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1952, ni daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, aliyekuwa akimtibu mvulana wa miaka 8 aliyeshambuliwa na nimonia na maambukizi ya damu mara kwa mara. Alipoipima damu ya mtoto huyo alikuta kwamba fungu zima la protini liitwalo gamaglobulini halimo. Akamdunga kila mwezi gamaglobulini iliyotolewa kwenye damu ya watu wengine, na mvulana akapata nafuu kubwa. Tiba tunayoitegemea leo imejengwa juu ya msingi huohuo. Mwaka 1993 wataalamu walilitambua jeni lenye hitilafu, lipatikanalo katika kromosomu X.

Hapo ndipo palipozuka maneno. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, naye huipata kwa mama yake. Mwanamke anazo mbili, na moja ikiwa na hitilafu nyingine humtosha, hivyo huibeba bila kuugua. Kila mwana wa kiume wa mama huyo ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa mgonjwa, na kila binti ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa mbebaji. Tulipolieleza hili kwa jamaa, wapo waliosema kwa upole na wapo waliosema bila upole kwamba ugonjwa umeingia nyumbani kupitia kwa mke. Baba alishauriwa afikirie mustakabali wa kizazi chake. Kwa wiki nzima sisi wawili tuliongea kuhusu chumvi na nauli tu.

Twawaambia wasomaji wetu yale ambayo hatimaye tuliambiana wenyewe. Hakuna mwanamke anayechagua jeni zake. Mara nyingine hitilafu hii huanza kwa mtoto mwenyewe bila ya kurithiwa. Na mwili uleule uliobeba hitilafu ndio uliomlinda mwanetu katika miezi sita ya mwanzo, wakati ambapo hakuna daktari yeyote aliyejua kama yuko hatarini. Baba alikwenda kwa mama yake mzazi baada ya sala ya Alasiri, akamweleza hivyo, na maneno yakakoma.

Aliyekuwa mgumu kuambiwa ni nyanya wa upande wa mama. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo mwanangu naye angetibika?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Akafuta macho kwa ncha ya leso, akasema, "Basi huyu asikose hata siku moja."

Jina linalotisha

Lugha yetu nayo ilituongezea kazi. Tulipowaeleza watu kwa Kiswahili tulisema mtoto ana upungufu wa kinga mwilini, na msomaji anajua maneno hayo yamefupishwa kuwa nini. Haikupita wiki mbili, watoto wawili wa jirani wakakatazwa kucheza naye.

Ikabidi tueleze mlango kwa mlango. UKIMWI huletwa na virusi, navyo huambukizwa. Maradhi ya mwanetu ni ya maumbile, amezaliwa nayo, wala hayamwambukizi mtu. Sasa twasema tu kwamba mwili wake hautengenezi kingamwili, na watu huelewa. Lakini tumeonja jinsi ilivyo kuishi chini ya minong'ono, na tangu hapo hatukubali maradhi ya mtu yeyote, yawe yale au haya, yatajwe nyumbani kwetu kama aibu.

Lipo pia jambo la kitabibu ambalo wazazi wanapaswa kulijua. Vipimo vingi hutafuta kingamwili badala ya kijidudu chenyewe. Kwa mtoto asiyetengeneza kingamwili, kipimo cha namna hiyo kinaweza kukosa ugonjwa uliopo. Na akishaanza dripu, kinaweza kuonyesha kingamwili za wale waliotoa damu, kwa mfano za homa ya ini aina ya B, ilhali mtoto hana ugonjwa huo. Mwelezeni mpimaji hali ya mtoto kabla damu haijachukuliwa.

Kilichomo ndani ya chupa

Dawa yenyewe ni maji maangavu, pengine yenye umanjano hafifu. Hutokana na plazma, yale maji ya damu yanayobaki chembe zake zikitengwa. Plazma ya watu wasiopungua 1,000, na mara nyingi maelfu kadhaa, huchanganywa pamoja, kwa sababu kila mtu amebeba kingamwili za maradhi aliyokutana nayo. Huyu aliugua surua, yule alichanjwa pepopunda, mwingine alipambana na nimonia akashinda. Baada ya kuchanganywa huchujwa, na virusi huuawa kwa hatua kadhaa kabla ya dawa kutiwa chupani. Sehemu kubwa ya plazma hiyo hutolewa Marekani. Kila chupa anayotiwa mwanetu imevuka bahari ikiwa ndani ya ubaridi. Shirika la Afya Duniani limeiweka dawa hii katika orodha ya dawa muhimu, ya watu wazima na ya watoto pia.

Kipimo cha kawaida ni gramu 0.4 hadi 0.6 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya wiki tatu au nne. Mwanetu ana kilo 20, naye hupewa gramu 10, yaani chupa mbili za gramu tano. Akinenepa dawa nayo huongezwa. Twafurahi kila sindano ya mizani inapopanda, na palepale twaanza kupiga hesabu.

Kingamwili hizo hazikai. Katika muda wa takriban siku 21 nusu yake huwa imekwisha kuondoka mwilini. Ndiyo maana nyumbani twaiita kinga ya kuazima. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hii yasitiri, ila kwa wiki nne tu. Kila baada ya miezi kadhaa daktari hupima damu muda mfupi kabla ya dripu, wakati kiwango kimeshuka kabisa. Madaktari wengi hupenda kisishuke chini ya gramu 7 kwa lita. Hapo ndipo hujulikana kama kipimo chatosha au kinahitaji kuongezwa.

Jumamosi yenyewe

Maandalizi huanza Ijumaa. Mtoto hunyweshwa maji mengi, kwa kuwa mwili mkavu huongeza maumivu ya kichwa baada ya dripu. Jumamosi, baada ya kifungua kinywa, tunaondoka na daftari, msahafu na bilauri yake.

Hospitali hupimwa uzito, joto na kifua. Akiwa na homa, daktari ndiye huamua kama dripu itaendelea. Chupa hutolewa kwenye friji na kuachwa zipoteze ubaridi zenyewe. Hazitiwi ndani ya maji ya moto, wala hazitikiswi, kwa kuwa hufanya povu. Muuguzi hunakili namba ya toleo iliyoandikwa kwenye chupa, nasi tunainakili kwenye daftari letu, pamoja na tarehe, uzito, jina la dawa, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Siku daktari wetu asipokuwapo, daftari hilo humweleza mwenzake kila kitu. Wala hatukubali jina la dawa libadilishwe kwa sababu ya bei bila daktari kujua, kwa maana mtoto aliyezoea aina moja aweza kusumbuliwa na nyingine.

Dripu huanza kwa matone machache, na muuguzi huongeza kasi kila baada ya nusu saa mtoto akiwa salama. Kichwa kikimuuma au akihisi baridi, mara nyingi kupunguza kasi kunatosha. Mara ya kwanza alitetemeka hadi kitanda kikalia. Muuguzi alisimamisha, akampa dawa ya kutuliza, akangoja, kisha akaanza upya polepole. Lakini kifua kikibana, uso ukivimba au vipele vikatoka ghafla, dripu hufungwa papo hapo na daktari huitwa. Mzazi hapaswi kuona haya kupaza sauti.

Kazi yote huchukua saa tatu au nne. Nusu ya juzuu Amma ameihifadhi juu ya kitanda hicho, mkono wa kushoto ukiwa umefungwa bandeji na wa kulia ukifuata mistari.

Harusi

Mwaka juzi dada yake mama aliolewa. Duara jekundu liliangukia siku ya harusi yenyewe. Wakati huo mwanetu alikuwa amenawiri, mwaka mzima hajalazwa. Tukaambiana kwamba wiki moja haitadhuru. Pesa zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya chupa zikaingia kwenye mchele wa pilau na kodi ya mahema, tukijua mshahara u njiani. Wiki iliyofuata mshahara ulikuja, lakini chupa hazikupatikana mjini, mzigo ulikuwa haujafika. Wiki ya pili tukaambiwa tungoje. Wiki ya tatu alianza kukohoa usiku.

Alilazwa siku tisa, na siku mbili za mwanzo alikuwa akipumua kwa oksijeni. Daktari alituonyesha picha ya kifua, akatueleza bila ya kutulaumu kwamba kila nimonia yaweza kuacha kovu, na njia za hewa zikishaharibika na kupanuka hazirudi kama zilivyokuwa. Dripu hulinda pafu lililo zima, haifufui lililoharibika. Tangu wakati huo mwanetu hufanyishwa mazoezi ya kutoa makohozi kila asubuhi.

Nyanya alikaa pembeni ya kitanda siku zote hizo. Hakutaja harusi, wala hakukumbusha maneno aliyoyasema siku ile. Tungependelea angetukemea.

Hatuna wa kumlaumu. Chupa zilichelewa, ni kweli, lakini sisi ndio tuliofungua mlango kwa ile wiki ya kwanza. Tangu siku ile tumeshika mambo matatu. Kwanza, chupa za mwezi ujao huulizwa siku ileile ya dripu ya mwezi huu, si wiki ya mwisho. Pili, pesa za chupa hazilali nyumbani. Zinawekwa kwa khalati yake, yule bibi harusi, aliyeomba amana hiyo mwenyewe. Tatu, mtoto kuonekana mzima si sababu ya kuahirisha. Uzima wake ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, na siku tunayomwona hana shida ndiyo siku tunayopaswa kuiogopa zaidi kuisahau.

Maji, madrasa na chanjo

Dripu huleta kingamwili za damuni. Zile zinazolinda utando wa pua, koo na tumbo haizirudishi ipasavyo. Kwa hivyo maji ya kisima na ya mikokoteni tunayachemsha yote, kwani vipo vijidudu vya tumboni, kama jiadia, ambavyo humtesa mtoto wa namna hii kwa miezi. Mikono huoshwa kwa sabuni, na meno hupigwa mswaki asubuhi na jioni. Homa ikifika nyuzi 38 hatungoji kesho.

Hatukumfungia ndani. Anasoma skuli na madrasa, na anacheza mpira. Maalim wake anajua, ameruhusu awe na bilauri yake mbali na kata ya wote, na hutupigia simu mtoto mwenzake akizuka na tetekuwanga au surua.

Kuhusu chanjo, ni vyema tuelewane. Zipo chanjo zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama BCG na matone ya polio. Mtoto mwenye upungufu wa kinga hapewi chanjo hizo bila amri ya daktari wake, kwa kuwa virusi vya matone vyaweza kukaa tumboni mwake muda mrefu na kumdhuru. Dada yake alipewa polio ya sindano badala ya matone. Wachanjaji wanapopita nyumba kwa nyumba tunawapokea kwa heshima na kuwaonyesha barua ya daktari.

Lakini hilo ni la nyumba yetu. Kwa jirani ombi letu ni kinyume chake. Wachanjeni watoto wenu chanjo zote kwa wakati wake. Mtoto wa jirani akikingwa na surua, haileti madrasani. Yeye ana mwili unaojifunza kutokana na chanjo, mwanetu hana, na kwa hivyo chanjo ya mtoto wenu ni sehemu ya ukuta wa mwanetu.

Masuala tuliyoulizwa

Jamaa walituuliza mengi kuhusu dini, nasi tuliyapeleka kwa mashekhe wetu.

La kwanza, je, yafaa kutumia kilichotoka kwenye damu ya mtu mwingine, tena pengine si Muislamu? Tuliambiwa kwamba wanazuoni wa zama hizi wameruhusu damu na vinavyotokana nayo panapokuwa na dharura ya kuokoa uhai, na dini ya mtoaji haibadilishi hukumu.

La pili, je, mtoto huwa ndugu wa waliotoa, kama anavyokuwa ndugu wa kunyonya? Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka mwaka 1989, liliamua kwamba damu haileti uharimu unaoletwa na maziwa.

La tatu ni saumu. Majma ya Fiqhi ya Jeddah iliamua mwaka 1997 kwamba sindano za tiba hazifunguzi, isipokuwa maji na sindano za lishe. Mwanetu hajabaleghe, saumu haijamlazimu, ila hupenda kufunga na wenzake. Tumekubaliana naye kwamba Jumamosi ya duara hafungi, kwa kuwa siku hiyo mwili wake unahitaji maji, na Mola ameupa ugonjwa udhuru wake. Mtu mzima aliye katika hali hii na amuulize daktari wake kuhusu mwili na shekhe wake kuhusu hukumu.

Gharama

Hatutaficha kwamba dawa hii ni ghali kupita uwezo wa mshahara mmoja. Jiandikisheni mapema katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na mwulize hospitali kabla ya kila dripu ni sehemu gani italipwa na ipi itabaki juu yenu. Ombeni barua ya daktari yenye jina la maradhi na kipimo cha dawa, kwani bila karatasi hiyo mlango haufunguki. Sisi tumesaidiwa na chama cha akina mama wa ukoo wetu, ambacho kila mwezi hutoa fungu moja kwa ajili ya chupa kabla ya kugawana mengine. Wenye kutoa zaka nao wakumbuke kwamba fukara na mwenye kuzongwa na deni wamo katika wanaostahiki, na mgonjwa wa kudumu aghalabu huwa vyote viwili.

Kwa mama mwenye shaka

Si kila mtoto anayeugua ugua ana tatizo hili. Mtoto mzima wa afya aweza kupata mafua mara sita au nane kwa mwaka na asiwe na kasoro. Kinachopaswa kutushtua ni maradhi ya masikio mara nne au zaidi katika mwaka mmoja, nimonia mbili ndani ya mwaka, antibiotiki za miezi miwili zisizofaa kitu, mtoto kutoongezeka uzito, majipu mazito yanayorudi, au ukoo wenye historia ya watoto kufariki wachanga. Orodha ya namna hii imeenezwa duniani na taasisi iliyoanzishwa mwaka 1987 na wazazi wawili wa New York, Fred na Vicki Modell, mwaka mmoja baada ya kumpoteza mwana wao Jeffrey aliyekuwa na miaka 15. Ukiziona dalili mbili au zaidi, andika karatasi yako moja, uichukue kwa daktari, na uulize kama kiwango cha kingamwili chaweza kupimwa.

Binti yetu ana miaka 11. Siku moja atahitaji kupimwa na kuambiwa kwa upole, kabla ya posa wala si baada yake, kama yeye naye ni mbebaji. Tumemwahidi nyanya kwamba jambo hili halitafichwa tena katika ukoo wetu kwa jina la kijicho.

Dripu inayofuata ni Jumamosi ya wiki ijayo. Chupa mbili zimekwisha kuagizwa. Tunamwomba Allah (S.W.T.) awape shifaa watoto wote wagonjwa, awape subira wazazi wao, na awalipe kheri wale maelfu tusiowajua, ambao kingamwili zao zimo mwilini mwa mwanetu tunapoandika maneno haya. Amin.